Wito wa Harambee: Mfuko wa Vipimo vya Damu Iliyoganda Mapafuni

Assalaamu alaykum, ndugu waumini na majirani wa Bagamoyo.

Mwaka huu tumemzika mama mmoja wa jumuiya yetu, siku chache tu baada ya kujifungua. Alianza kwa kuvimba mguu mmoja, nasi tukadhani ni uchovu wa uzazi. Kisha pumzi ikambana ghafla, na hadi tulipokamilisha mchango wa safari na kipimo, alikuwa amekwisha kututoka.

Katika ugonjwa huu wa damu kuganda mapafuni, mara nyingi donge la damu hufanyika katika mishipa ya ndani ya mguu, likachomoka, likapita kwenye moyo na kuziba mishipa ya mapafu. Dalili zake hufanana na za nimonia, na picha ya eksirei huweza kuonekana safi ilhali mgonjwa yumo hatarini. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni CT scan (mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili) ya mishipa ya mapafu, ambapo mgonjwa huchomwa dawa yenye madini joto inayong'arisha damu pichani, na palipoziba hubaki pengo la giza. Picha hiyo hiyo humwonyesha daktari iwapo upande wa kulia wa moyo umetanuka kwa kuelemewa, jambo linalomsaidia kuamua kama zitatosha dawa za kuzuia damu kuganda, au italazimu dawa kali ya kuyeyusha donge, ambayo yaweza kusababisha damu kuvuja hata ubongoni. Kwa mjamzito mwenye mguu uliovimba huanzwa altrasaundi ya mguu, kwa kuwa haina mionzi. Donge likionekana hapo, matibabu huanza bila kungoja CT scan.

Ndiyo maana tunachangia kipimo kwanza. Mfuko utalipia altrasaundi, kipimo cha figo kinachotangulia dawa ile ya picha, CT scan yenyewe, na gari la kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, kwa jirani yeyote aliyeandikiwa na daktari, awe Muislamu au Mkristo.

Tunaomba shilingi 5,000 kwa kila kaya. Wavuvi walete bahari ikijibu. Mweka hazina atapokea michango kila Ijumaa baada ya swala na kutoa stakabadhi, na hesabu zitabandikwa ubaoni kila mwezi. Mwenye gari aliye tayari kuamshwa usiku aandikishe jina lake siku hiyo hiyo, kwani mgonjwa wa aina hii hawezi kusubiri basi la alfajiri.