Kwa mama wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) tuliyepanda naye taksi Busia

Mama uliyekaa kando yangu kwenye taksi ya kwenda Tororo, sikukuuliza jina. Ulikuwa na begi la VHT mapajani. Uliponiona nalia ulininunulia maji kwanza; maswali yakaja baadaye.

Nilikuwa nimetoka kumchukua kijana wangu wa Senior Tatu shuleni. Usiku halali, chakula hali, hasemi, na barua waliyonipa ilisema tu “utovu wa nidhamu”. Jirani alishanitajia Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili hapa Uganda, kama mtu anavyotaja jela. Ndiyo maana ulipogusia afya ya akili nilitaka kushuka hapo hapo. Unisamehe.

Ukanieleza taratibu kwamba safari haianzii Butabika, inaanzia kituo cha afya cha karibu. Kwamba kwenye vituo vya serikali ada ya kuonwa iliondolewa tangu 2001. Dawa zikiisha pale, utanunua nje. Hilo nalo hukunificha. Ukaandika siku ya kliniki nyuma ya risiti ya sabuni. Risiti ninayo mpaka leo.

Tulienda. Hata baba yake, aliyeshikilia kuwa ni mashetani, alikaa kwenye benchi akangoja zamu. Muuguzi ndiye aliyetuunganisha na wazazi wengine, tunakutana Alhamisi chini ya mwembe. Kijana amerudi darasani. Zipo asubuhi anazoamka vibaya, lakini sasa anasema.

Asante sana, mama. Nauli uliyonilipia bado ni deni. Ukisoma haya, pita nyumbani, chai ipo.