Olkaria inahusianaje na nyumba za Norwich?

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa Dodoma na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipostahili. Ila ile ripoti yenu kuhusu pampu za joto la ardhini imenishinda kunyamazia.

Picha mliyoweka ni mvuke wa Olkaria, kule Kenya wanakozalisha umeme kwa joto la ardhi. Chini yake mwandishi wenu anatueleza kwamba nyumba mpya za Ulaya zinapashwa joto kwa nguvu za volkano, kwamba ni anasa ya matajiri, na kwamba nchi isiyo na Bonde la Ufa isijisumbue. Mimi kazi yangu ni kuchimba hivyo visima. Nilianzia kwenye visima vya maji Dodoma na Singida, sasa nachimba visima vya joto mashariki mwa England, na huku volkano haipo. Olkaria wanashuka kilomita mbili hadi tatu wakitafuta mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Sisi tunashuka mita mia na kitu, na tunachokikuta huko ni nyuzi 10 au 11 tu. Lakini ni nyuzi hizo hizo Januari na Julai, hata theluji ikilala juu wiki nzima. Tunashusha bomba la plastiki linalopinda chini na kurudi juu, shimo tunalijaza bentonaiti, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, halafu maji yenye dawa ya kuzuia kuganda yanazunguka humo na kurudi na joto kidogo. Mashine iliyomo ndani ya nyumba ni friji iliyogeuzwa: friji hunyonya joto la nyama na kulitoa kwa nyuma, hii inanyonya joto la ardhi na kulipeleka sakafuni. Kwa uniti moja ya umeme unapata uniti tatu hadi nne za joto. Wala si uvumbuzi wa juzi. Hapa hapa Norwich, mhandisi wa umeme wa manispaa, John Sumner, alipasha joto jengo la ofisi kwa kuchota joto la mto Wensum mwaka 1945.

Kuhusu anasa ya matajiri: Enfield, kaskazini mwa London, kuna maghorofa ya halmashauri, ya wapangaji wa kawaida kabisa, yaliyounganishwa na visima vya pamoja. Kila mpangaji ana mashine yake ndani na bili yake. Mwandishi wenu angepiga simu moja tu angelijua hilo.

Gharama kubwa ni shimo, sikatai. Lakini shimo linakuwa ghali maradufu ukilichimba wakati mwenye nyumba keshahamia, na hapo ndipo naomba mnisikilize. Niliponunua nyumba yangu, mtaa mzima ulikuwa bado tope. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi ambayo sisi wenyewe tulichimba visima vyake, mwamba wa chaki tupu wenye vinundu vya gumegume, jiwe gumu linalokula meno ya mtambo, na watoto walikuwa wanajazana kwenye uzio kutazama tope jeupe likitoka. Kwa hiyo ardhi ile naijua. Nikaingia ofisi ya mauzo. Dada wa mauzo akanifungulia faili nichague rangi ya marumaru, vitasa vya milango, aina ya bomba la sinki, hata kengele ya mlangoni. Nikamuuliza joto linatoka wapi. "Boila ya gesi ipo, usijali," yaani mtambo wa kuchoma gesi ili kuchemsha maji ya kupasha nyumba. Nikamwambia nataka pampu ya ardhini, nitalipa tofauti. Akamwita msimamizi wa ujenzi, akaja na buti ambazo hazijawahi kugusa tope, akaniambia wateja hawaulizi mambo hayo. Mimi mteja niliyeuliza nimesimama mbele yake! Wakati huo kijiko cha kuchimbia mitaro kimeegeshwa pale, mitaro ya maji taka iko wazi, uzio hakuna, lami hakuna. Mtambo wetu ungepita mstari mmoja, nyumba baada ya nyumba, kama kazi ya siku zote. Nikanunua hivyo hivyo, maana nyumba zenyewe huku ni za kugombania. Leo nikitaka kuchimba, lazima nibomoe uzio, ning'oe vigae vya ua, nimwombe jirani ahamishe gari, na mtambo bado haupiti kwenye geti la pembeni. Nikishachimba, nibadilishe rejeta zote, zile paneli za ukutani zinazotoa joto, kwa sababu zilizofungwa ni ndogo, zinataka maji ya moto sana, wakati pampu inapenda maji ya nyuzi 35 au 45. Mabomba ya sakafuni ndiyo basi tena, zege limeshamwagwa. Yote hayo yangeondolewa na mstari mmoja kwenye mchoro wa msanifu, kabla hata kijiko hakijashuka kwenye lori.

Serikali nayo hiyo hiyo. Nyumba mpya zisizochafua hewa ziliahidiwa kuanza 2016, mpango ukafutwa 2015. Mwaka 2019 Waziri wa Fedha, Philip Hammond, akasema boila za gesi kwenye nyumba mpya zitakoma ifikapo 2025. Mwaka 2025 umekuja na kupita, na boila zinaendelea kufungwa. Uskoti wamepiga marufuku tangu Aprili 2024 na sijasikia mtu aliyeganda. Halafu umeme huku unauzwa ghali mara kadhaa kuliko gesi kwa uniti, na sababu mojawapo ni tozo za sera za serikali walizozirundika kwenye umeme. Mtu akifunga pampu ya ovyo, au akaifunga vibaya, bili inamtoa machozi, kisha mnaandika kwamba pampu hazifai. Ndiyo maana nang'ang'ania ya ardhini: tofauti na pampu zinazonyonya joto la hewa ya nje, haikutani na hewa ya baridi kali usiku wa Februari, kwa hiyo haihangaiki.

Na kiangazi je? Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 hapo Coningsby, mkoa wa jirani. Mwenye kisima anaweza kuzungusha maji ya chini bila kuwasha kompresa, ile sehemu ya mashine inayokula umeme zaidi, nyumba ikapoa, na joto alilolitoa ndani likaenda kungojea majira ya baridi ardhini. Wengine walikuwa wanagombania feni madukani.

Nikija likizo Dar ndiyo nachoka kabisa. Sisemi tukachimbe Kariakoo, ardhi ya pale ina nyuzi zaidi ya 25, utachota ubaridi gani? Lakini ugonjwa ni ule ule. Mtu anajenga ghorofa la vioo Posta, upande wa magharibi umekodolea jua la saa kumi, baraza hakuna, madirisha hayafunguki, kisha anatundika viyoyozi nyuma kama kunguru kwenye waya, vinatudondoshea maji sisi wapita njia. Kivuli na upepo vilitakiwa viwe kwenye mchoro. Viyoyozi vinakuja kuficha kilichosahauliwa.

Sasa pendekezo langu. Huku Uingereza, msanifu asichore jiko mpaka achore kisima. Mkurugenzi anayefunga boila ya gesi kwenye nyumba mpya akae ndani yake Februari nzima akilipa bili kwa mshahara wake, na siku itakapong'olewa, sepetu ashike yeye, afukue bustani ya mwenye nyumba. Huko Dar, kila kiyoyozi kinachodondosha kwenye njia ya miguu kivutiwe bomba hadi kwenye meza ya aliyegonga muhuri kwenye ule mchoro, kidondoshe hapo, saa za kazi.

Mchimba visima,
Norwich, Uingereza