Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tumuulize mgonjwa siku yake inaendaje

Wanachama wenzangu wa tiba kazi, habari za majukumu. Mambo ya fedha mhazini atayasoma mwenyewe, mimi napita haraka kwenye vikao alafu nikae kwenye jambo moja lililonisumbua mwaka mzima.

Vikao vya kamati vilifanyika, vingi mtandaoni kwa sababu ya nauli, nawashukuru waliovumilia bando kukatika katikati ya ajenda. Tarehe 27 Oktoba tukaadhimisha siku yetu ya dunia, ambayo ipo tangu 2010, tukagawa vipeperushi stendi. Kila aliyesimama anauliza, "nyie si ndo wale wa kunyoosha viungo?" na jamani wenzetu wengine wakajibu ndio ili mtu apokee karatasi aende zake!

Sasa tuelewane. Wa fizio, hao wa mazoezi ya viungo, ni ndugu zetu na tunawahitaji sana, ila sisi wa tiba kazi tunaanzia kwingine, tunaanzia kwenye shughuli. Na shughuli sio ajira tu, ni chochote kinachojaza siku ya mtu na kina maana kwake: kuoga, kuvaa, kuswali, kucheza bao, kubembeleza mjukuu, kwenda shule, kulima, hata kulala. Kuna anayoitaka mwenyewe, kuna anayolazimika, na kuna ile ambayo watu wa nyumbani wanategemea aifanye. Ikikatika mtu anabaki anapumua tu, hata kama mkono umepona.

Chukua mama wa Pangani aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Kwenye faili tunaandika bega linapanda mpaka wapi, kiganja kina nguvu kiasi gani, alafu tunampa koni za plastiki apange, anapanga weee anachoka. Yeye anataka kukuna nazi. Ebu angalia kukuna nazi kwenyewe: unakaa chini kwenye mbuzi na baadae unainuka, unainama mbele bila kuanguka, mikono miwili inashika nazi na kuizungusha kwenye meno, macho yanalinda usifike kwenye kifuu, na kichwani unakumbuka kwamba tui zito linawekwa pembeni linaingia mwisho. Mazoezi yote tuliyokuwa tunayahangaikia yako humo, na akimaliza kuna mchuzi na watu wanakula. Kukaa chini kukimshinda tunainua mbuzi juu ya benchi imara, mkono mzima unafanya kazi na ule dhaifu unasaidia kushikilia. Na kama kupika hakutaki tena, kazi kaachia binti yake, yeye anawaza kikoba chake, basi tunahamia huko, kuandika kwenye daftari, kuhesabu noti, na kupanda bajaji mpaka kwenye kikao. Hapo koni zinakusaidia nini?

Wala sijabuni mimi. Chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa 1917 Clifton Springs, jimbo la New York, nyumbani kwa George Barton, msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu na upande wa kushoto ukapooza, akajirudisha mwenyewe kwa bustani na useremala. Pale alikuwepo pia Eleanor Clarke Slagle, ambaye kwa wagonjwa wa akili waliokaa hospitali muda mrefu aliipanga siku nzima upya, kazi, mchezo na mapumziko. Vifaa havikuwa vya ajabu, na hilo nawaambia hasa nyie mnaonipigia kila wiki kwamba idara haina mashine.

Nisieleweke vibaya, sio kila shughuli ni nzuri. Kijana anayebeti mpaka usiku wa manane naye ana shughuli, ina ratiba, ina marafiki, ina matumaini, ndo maana ukimwambia aache bila kumpa kingine cha kushika anarudi palepale. Na kuna walionyimwa shughuli bila kuumwa popote, kama wakimbizi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambao kutoka nje ya kambi kulima au kutafuta riziki ni kwa masharti makali. Miaka inaenda, mtu mzima mwenye ufundi wake amekaa. Tawi la Kigoma wameomba tulijadili hili kwenye mkutano mkuu na mimi naunga mkono, liko ndani ya fani yetu kabisa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fomu ya tathmini ibadilishwe, swali la kwanza liwe "siku yako ilikuwa inaendaje kabla ya kuumwa na sasa inaendaje", vipimo vya viungo vifuate chini. Najua kliniki zimejaa na swali hilo linakula muda, mtoto mwenye mtindio wa ubongo mpaka mama yake aeleze kula na kuvaa kwake dakika zimeenda, lakini bila hilo tunatibu bega la nani? Rasimu ya fomu nimeiweka kwenye grupu la WhatsApp, jaribuni kwa wagonjwa wenu mlete maoni kabla ya mkutano, na ada lipeni mapema maana kikatiba asiyelipa hapigi kura.