Wanaotengeneza daftari za sanaa waanze na karatasi

Mhariri,

Wanaoanza kutengeneza daftari za sanaa kwa mkono hushauriwa kwanza habari za rangi: seti ipi, brashi zipi, kalamu zipi. Naomba nafasi nipinge mpangilio huo. Rangi inunuliwe mwisho. Karatasi ndiyo inayoamua ni rangi gani itakubali, karatasi ngapi zitakunjwa pamoja, na kama kitabu kitafungika au kitabaki kimeachama.

Karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inafaa kwa penseli na maandishi. Ukiipaka rangi ya maji inajikunja, na kalamu zenye wino wa spiriti zinapenya hadi upande wa pili. Anayechanganya wino, kubandika picha na rangi kidogo atatosheka na gramu 160 hadi 200. Anayelowesha ukurasa mzima atafute gramu 300. Lakini unene una gharama yake: karatasi za gramu 80 zinakunjwa nne pamoja kuwa fungu moja bila shida, za gramu 200 mbili au tatu, za gramu 300 moja tu au mbili. Ukilazimisha zaidi, za ndani zinachomoza ukingoni na mkunjo unafura.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, na ikipata unyevu hutanuka kwa kukatisha nyuzi hizo. Kwa hiyo nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikatisha mgongo, gundi inapopakwa karatasi inataka kurefuka pale iliposhikwa na uzi, matokeo yake ni mawimbi yasiyonyooka hata ukiweka mzigo juu. Kupima ni rahisi: pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Inapopinda bila kubisha, mstari wa mpindo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Hapa ndipo A4 inapowaponza wengi. Nyingi zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, hivyo ukiikunja katikati kupata kurasa za A5, nyuzi zinakatisha mkunjo. Dawa yake ni kununua A3 yenye nyuzi za upande mrefu na kuikata katikati iwe vipande viwili. Vipande hivyo vya A4 vikikunjwa, nyuzi zinakuwa sambamba na mgongo.

Uzi uwe wa kitani, upitishwe kwenye nta ya nyuki ili usisokoteke wala kulegea kwenye tundu. Urefu wake ni kimo cha mgongo mara idadi ya mafungu, ongeza kimo kimoja au viwili vya kufungia. Tundu zitobolewe kwa msharasi mwembamba, na sindano iwe butu. Sindano kali hutoboa uzi uliokwisha kupita, na hapo huwezi tena kuukaza.

Kwa jalada la A5, kadibodi ngumu ya milimita 2 inatosha. Ya maboksi yenye mawimbi ndani haifai, hubonyea pembeni. Gundi iwe PVA, ile nyeupe ya maji, kwa kuwa hubaki nyumbufu ikikauka. Gundi ya mpira hugeuka manjano na kuachia. Ukishafunika kadibodi upande wa nje, bandika karatasi upande wa ndani pia, la sivyo jalada litapinda kufuata upande mmoja. Kisha liache chini ya mzigo usiku kucha.

Anayekusudia kubandika picha na vitambaa ashonee vipande vya karatasi vyenye upana wa sentimita 2 kati ya kurasa, kwenye mgongo. Vinanenepesha mgongo mapema, ili kurasa zikinenepa baadaye jalada lisisukumwe wazi.

Rangi sasa. Kalamu ijaribiwe kwenye kipande cha karatasi ileile: chora, subiri ikauke, pitisha brashi yenye maji. Ikichuruzika, haifai chini ya rangi ya maji. Kurasa zenye rangi ya akriliki hunatana hata zikionekana kavu, kwa hiyo ziwekewe karatasi ya kuokea katikati.

Mhariri, maelekezo ya kutengeneza daftari yanapochapishwa, naomba uzito wa karatasi na mwelekeo wa nyuzi vitajwe juu kabisa, kabla ya orodha ya rangi.

Mjalidi wa vitabu