Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Hesabu na Kodi kwa Wafanyabiashara Wadogo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwenyekiti wa kamati ya mafunzo,
Wakufunzi wetu,
Wahitimu wenzangu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wote, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Tunajua kazi za ofisi ya mapato hazina msimu wa mapumziko, nasi tarehe ya ritani, yaani fomu ya kuieleza ofisi mapato na kodi yetu, ikikaribia huwa hata simu hatupokei. Tukuambie pia, bila kuficha, kwamba jina lako lilipopendekezwa kwenye kikao cha maandalizi ukumbi ulinyamaza kidogo. Wapo waliouliza kama haingekuwa vyema zaidi kumwalika mtu wa benki. Mjadala ulifungwa na mwenzetu aliyesema kwamba anayetoa mkopo tutamwona siku tukimhitaji, lakini anayepokea kodi tutaonana naye tupende tusipende, basi heri tufahamiane mapema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafunzo haya yaliandaliwa kwa watu wanaoanza biashara, au walioianza zamani kwa mtaji mdogo na bila mhasibu. Tumefundishwa kutunza daftari la fedha, kuandika ankara na stakabadhi, kupanga bei, kuandaa mchanganuo wa biashara, kusajili biashara na kujaza ritani. Si yote yaliyotuingia kwa uzito mmoja. Usajili tuliupita haraka. Mchanganuo wa biashara, tukisema kweli, ulituachia kurasa nyingi za matumaini ambazo atazisoma ofisa wa mikopo kuliko sisi wenyewe. Kilichotugeuza ni swali moja lililoandikwa ubaoni mwanzoni kabisa, na hakuna aliyethubutu kulifuta: fedha iliyomo kwenye droo ni ya nani?

Jibu la darasa zima lilikuwa moja: ni ya mwenye biashara. Mkufunzi hakubishana nasi. Alituambia tuchukue mauzo ya siku moja tu, tuyagawe kwa majina ya wanaoyadai. Akatoka muuzaji wa jumla aliyetukopesha mali. Akatoka mwenye nyumba, ambaye kila siku inayopita ana sehemu yake hata kama kodi ya pango hulipwa mwisho wa mwezi. Wakatoka wafanyakazi, halafu mashine inayochakaa, halafu ofisi yako. Mwenye biashara alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na kwa baadhi yetu alipofikiwa droo ilikuwa tupu. Tangu hapo hesabu zikaacha kuwa somo la kumridhisha mkaguzi, zikawa njia ya kujua ni kiasi gani tunaweza kupeleka nyumbani bila kula cha watu.

Tuseme machache kuhusu kodi ya ongezeko la thamani, maana ndiko kelele za darasani zilikokuwa nyingi. Kodi hii ilianza Ufaransa mwaka 1954, ikibuniwa na ofisa wa kodi aitwaye Maurice Lauré, na leo inatozwa katika nchi zaidi ya 170. Kumbe mzizi wake ni mwepesi: mlipaji ni mnunuzi wa mwisho, na sisi wauzaji tumepewa kazi ya kuikusanya. Ugumu unaanza mtu anapopanga bei akiwa ameisahau.

Mfano tuliofanyia kazi ulikuwa huu. Kiwango cha kodi ni asilimia 20. Bidhaa imemgharimu muuzaji 80 kabla ya kodi, kwa hiyo kwa muuzaji wa jumla ametoa 96, ambamo 16 ni kodi. Anaandika bei ya 100 na kuhesabu kwamba faida yake ni 20. Mteja analipa 100 na kwenda zake. Ritani inapofika, anaambiwa kwamba ndani ya ile 100 kodi ilikuwemo. Anapiga asilimia 20 ya 100, anapata 20, anashika kichwa. Hesabu sahihi ni sehemu moja ya sita, yaani 16.67, kwa sababu 83.33 ndiyo ukiiongezea asilimia 20 inakuwa 100. Faida yake, basi, si 20 bali ni 3.33. Akitaka kubaki na 20 aliyoikusudia, bei ya kumtajia mteja ni 120.

Lakini hiyo 3.33 nayo ina sharti. Anaipata iwapo anayo ankara ya kodi kutoka kwa muuzaji wa jumla, ili ile 16 aliyokwisha kulipa ikatwe kwenye 16.67 na apeleke ofisini kwako 0.67 tu. Akiwa ameitupa ankara, au hakuidai kwa kuwa alipunguziwa bei kidogo ili asiidai, anapeleka 16.67 nzima na biashara inaingia hasara ya 12.67 kwa bidhaa ileile, bei ileile, mteja yuleyule. Tulipofika hapo, waliokuwa wakisinzia waliamka. Wengi wetu tulikuwa tukiichukulia stakabadhi kama karatasi ya kumwonyesha ofisa akija. Sasa tunaidai kama tunavyodai chenji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kuhusu vitabu vya hesabu, tulijifunza kwamba utaratibu tunaoutumia ni wa wafanyabiashara kabla ya kuwa wa wasomi. Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, lakini hakuubuni yeye. Aliandika yale ambayo wachuuzi wa miji ile walikuwa wakiyafanya. Ushauri wake wa kwanza ni kuorodhesha kila ulicho nacho na kila unachodaiwa kabla ya kuandika muamala wowote. Kisha vitabu vitatu: daftari la kumbukumbu la kuandika jambo palepale linapotokea, jarida la kulipanga, na leja ambamo kila muamala huingia mara mbili, penye kutoa na penye kupokea.

Daftari la kumbukumbu ndilo tulilolipenda, pengine kwa sababu ndilo la watu wa kawaida. Yeyote aliyepo kaunta anaweza kuliandika: tarehe, nani, nini, kiasi, taslimu au mkopo. Baadhi ya wenzetu vijana hulitunza kwenye simu, na programu ikawafanyia jumla. Hatuna ugomvi na simu. Tunachosema ni kwamba programu haiwezi kujumlisha kile ambacho hakikuandikwa, na ankara iliyoandikwa jioni kwa kukumbuka huwa na tarakimu za kukisia.

Kulikuwa na mwenzetu seremala aliyetupa somo zuri bila kukusudia. Alinunua mashine ya kuranda kwa 1,200, akaiingiza yote kwenye matumizi ya mwezi ule, mwezi ukaonekana wa hasara kubwa hadi akafikiria kumpunguza kijana wake mmoja. Miezi iliyofuata, kwa kuwa mashine haikuonekana tena kwenye daftari, akadhani biashara imenawiri na akashusha bei ya milango. Mashine ile inatazamiwa kufanya kazi miaka 5. Ukiigawa sawasawa, uchakavu wake ni 240 kwa mwaka, yaani 20 kila mwezi, na hiyo 20 ni gharama ya milango kama ilivyo mbao na gundi. Miezi yote miwili aliyoiona, wa hasara na wa neema, haikuwa ya kweli. Baadaye alijifunza pia kwamba sheria ya kodi inaweza kuwa na viwango vyake vya uchakavu, tofauti na makadirio yake mwenyewe, hivyo faida ya kwenye daftari na faida inayotozwa kodi huweza kupishana pasipo mtu kudanganya.

Kwa wanaoanza, swali lililozua ubishi ni kama mtu afungue kampuni au abaki mmiliki pekee. Tulisomewa kesi ya Aron Salomon wa London, mtengeneza viatu, iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 1897. Aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha pamoja na mkewe na watoto wake, kampuni ikaanguka, wadai wakataka alipe yeye. Mabwana wa Baraza la Juu la Uingereza, waliokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, wakaamua kwamba kampuni ni mtu wake na Salomon ni mtu mwingine. Wengi walishangilia kusikia madeni ya kampuni si lazima yamfuate mwenye hisa nyumbani. Ila hukumu hiyo inakata pande zote mbili. Kama kampuni si wewe, basi fedha ya kampuni si yako. Ukichota, lazima ijulikane kama ni mshahara, gawio (sehemu ya faida apewayo mwenye hisa) au mkopo, na kila kimoja kina kanuni zake za kodi. Tena benki nyingi zitakuomba dhamana binafsi, na hapo ule ukuta unaubomoa kwa saini yako mwenyewe. Kwa maoni yetu, mwenye biashara ndogo isiyo na madeni makubwa wala wabia hana sababu ya kuharakia kampuni. Aanze na akaunti ya benki ya biashara peke yake, asiichanganye na ya nyumbani, na awe anajilipa kiasi kinachojulikana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba sasa nifike kwenye maombi yetu. Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na ombi la kusamehewa kodi. Tulilipigia kura, likashindwa, ingawa si kwa kura nyingi. Walioliangusha walisema asiyelipa kodi hapewi zabuni wala mkopo, na hata akionewa hana pa kusimamia.

Ombi letu kubwa linahusu wakati wa kulipa. Mmoja wetu alipata oda ya 1,000 kabla ya kodi. Mali ghafi zilimgharimu 700, na kodi yake 140, akalipa 840 mkononi. Alipokabidhi kazi akatoa ankara ya 1,200, mteja akiahidi kulipa baada ya siku 60. Ritani ya mwezi uliofuata ikamtaka apeleke 200 kutoa 140, yaani 60. Hapo ametoa 900 na hajapokea hata senti. Kwenye daftari ana faida ya 300. Kwenye droo anakopa nauli. Oda ikiwa kubwa zaidi, pengo linakuwa kubwa zaidi, ndipo biashara yenye wateja tele inafungwa kwa kukosa fedha ya wiki moja. Tunaomba wafanyabiashara wadogo waruhusiwe kulipa kodi hii mteja anapolipa, si ankara inapotolewa. Uingereza ina utaratibu kama huo kwa wenye mauzo yasiyozidi kiwango kilichowekwa. Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, naye aliandika mwaka 1776 kwamba kodi itozwe wakati na kwa namna inayomwelekea mlipaji kuwa rahisi kuilipa. Hatudhani alikuwa akiwaonea huruma walipaji. Alijua kodi ya namna hiyo ndiyo inayokusanyika.

Smith huyohuyo alisema kiasi, wakati na namna ya kulipa viwe bayana kwa mlipaji na kwa kila mtu. Hapa tuna lalamiko. Mwanachama wetu aliuliza swali moja kwenye kaunta ya ofisi moja ya kodi, akapewa jibu. Aliporudi baadaye kwa ofisa mwingine akapewa jibu la kinyume, na adhabu juu yake. Hatuwalaumu maofisa, sheria ni ndefu. Tunaomba mtu akiuliza kwa maandishi ajibiwe kwa maandishi, na jibu hilo limlinde hata kama baadaye litabadilishwa.

Tunaomba pia vijitabu vya maelekezo viwe na mifano iliyokokotolewa hadi mwisho, kwa kazi zetu halisi: fundi, mpishi, muuza duka, mwenye saluni. Kifungu cha sheria kilichonukuliwa peke yake hakimsaidii mtu aliyeshika kalamu mbele ya fomu. Na ikiwezekana, siku za elimu ya mlipakodi zitenganishwe na siku za ukaguzi. Ofisa yuleyule akija asubuhi kufundisha na mchana kukadiria, hakuna atakayemuuliza swali la kweli.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kukutana kila mwezi kabla ya tarehe ya ritani, kila mtu na daftari lake, tukaguane wenyewe kwa wenyewe. Mhasibu mmoja kati ya wakufunzi amekubali kutusimamia kwa ada tutakayochangia. Tungefurahi kama ofisi yako ingetuma mtu kwenye kikao cha kwanza, aje kusikiliza tu.

Baada ya maelezo haya, mheshimiwa mgeni rasmi, tunakuomba utukabidhi vyeti vyetu, na kama muda utaruhusu, utujibu hilo la ankara na mteja asiyelipa kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.