Kikao cha walezi wa klabu za shule, Umoja

Wazazi na walimu wapendwa, hamjambo?

Kikao chetu ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, katika darasa la Gredi ya 5, wala si ukumbini tena.

1. Wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi 6 watachagua viongozi wa klabu kwa kura ya siri na kuzihesabu wenyewe mbele ya wenzao. Nawasihi tusiwanong'oneze majina, kwa maana uraia ni mojawapo ya umilisi wa msingi, yaani uwezo ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuujenga, katika mtaala wetu, na mtoto huujifunza kwa kuamua mwenyewe.

2. Mchango wa karatasi, wino na miche ya klabu ya mazingira ni shilingi 200, zimfikie mweka hazina kufikia Ijumaa jioni.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya Alhamisi usiku iwapo utafika. Asanteni sana.