Maneno ya sala yakikauka: barua kwa Mama Neema

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Unasema tangu Baba Neema apooze upande wa kulia, ukipiga magoti maneno hayaji, na unaogopa kwamba imani imekuishia. Haijaisha, dada yangu. Aliyeacha kuamini haamki usiku akapiga magoti kutafuta maneno.

Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko: Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara 4. Wa tatu na wa nne ni ombi, na miwili ya mwisho ni tumaini. Ifuate kwa mpangilio huohuo. Asubuhi kabla watoto hawajaamka, andika kwenye daftari "hata lini" nne za kwako, zilizo wazi: hata lini nimgeuze peke yangu usiku, hata lini nimkwepe mwenye nyumba. Kisha ombi moja dogo la siku hiyo, ambalo jioni utajua limejibiwa au bado, kwa mfano akae kwenye kiti mpaka amalize uji. Halafu soma mstari wa 5 na wa 6 kwa sauti, hata kama moyo haujafika huko. Dakika 10 zinatosha.

Wengi hukosea hapa: huruka malalamiko, wakidhani ni utovu wa adabu mbele za Mungu, wakaanza na sifa huku koo limewakaba. Baada ya wiki mbili sala inakuwa maneno matupu, wanaiacha. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina sifa mwishoni, na imo kwenye Biblia. Siku ambayo hata ile ya 13 inakushinda, soma hiyo, sema amina, ukalale.

Na ulale kweli. Eliya alipoomba afe pale chini ya mretemu, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka Horebu. Wewe unamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, halafu Ijumaa unakwenda mkesha na umefunga. Mikesha na mifungo iache kwa sasa. Mwili unaomnyanyua mtu mzima unahitaji chakula.

Dawa zake za presha zisikatizwe kwa neno la mtu yeyote, hata awe ameshika mafuta ya upako. Presha hupanda bila dalili, na kiharusi cha pili mara nyingi huanzia hapo. Aliyekuambia upande fedha ya matibabu kama mbegu ili apone, mjibu hapana bila woga. Na wanaotafuta dhambi iliyoleta ugonjwa, huna deni la kuwajibu. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku 7 walizokaa naye kimya. Walipoanza kufafanua ndipo walipoharibu, na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anasema hawakunena yaliyo sawa.

Kwenye jumuiya, usiishie kusema "mniombee". Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Aliomba nguo, na akataja ilipo. Nawe taja: Jumanne mtu akae na mgonjwa kuanzia saa nane hadi saa kumi nilale, mwingine achote maji ndoo nne. Watu wengi hawakatai, ila hawajui washike wapi, kwa hiyo wanakuja kukuangalia, wanakunywa chai, na vyombo unaosha wewe.

Zamu ya Alhamisi niachie mimi. Nitafika saa nane na kitabu cha nyimbo, maana waliopoteza usemi kwa kiharusi mara nyingi huweza kuimba wimbo waliouzoea hata pale wanaposhindwa kuomba maji. Niambie tu alikuwa anaimba sauti gani kwaya, ya tatu au ya nne.

Ni mimi rafiki yako katika Kristo,
Mama Upendo